Kiapo Chini ya Ukurasa

Mashine iliona aya ambayo Tekla hakuiona. Aliupandisha ukurasa, akaushusha, akaukuza mpaka herufi zikawa kubwa kama za vibao vya barabarani, na aya ile haikuonekana. Akadhani ni hitilafu. Halafu akasikia harufu ya marashi ya waridi, nzito, kana kwamba mtu kamwaga chupa nzima sasa hivi, katika ofisi ambayo siku zote hunuka kahawa na makoti yaliyolowa mvua.

"Nani kajipaka marashi asubuhi yote hii?" aliuliza.

Julai ya Mbeya ilikuwa imewakunja watu kwenye viti vyao, kila mmoja na kikombe mkononi, na ukungu umeziba dirisha lote la upande wa Mwanjelwa.

Kampuni hiyo ndogo ya mzee Gwakisa ilikagua tovuti za wauza dawa za asili, kuona kama zinafuata kanuni. Kila ukurasa wa dawa sharti uwe na namba ya usajili, uwe na onyo kwamba dawa hiyo haichukui nafasi ya hospitali, na usiwe na maandishi ya kificho. Ukisema uzisome kurasa zote kwa macho utazeekea kitini. Ndiyo maana Tekla alitumia selekta za CSS. Kila kipande cha ukurasa hubandikwa jina ambalo mteja halioni, na selekta ni namna ya kuiagiza mashine kwa jina hilo. Tekla akiandika `.dawa .onyo`, maana yake ni: nitafutie kila onyo lililo ndani ya kisanduku cha dawa. Mashine hupita tovuti nzima na kurudi na jibu, ukurasa huu unalo, huu hauna. Alikuwa hodari kwa kazi hiyo. Tena alijijua kuwa ni hodari, na hapo ndipo pa kumlaumu.

Siku hiyo alikuwa na tovuti ya duka moja la Iringa, la marehemu mzee Shamsudin, ambalo sasa liliendeshwa na binti yake. Maonyo yalikuwapo, namba zilikuwapo. Mwishoni Tekla akaandika selekta pana kuliko zote, `[hidden]`, yaani niletee kila kilichofichwa, chochote kile, bila kujali kinaitwaje. Mashine ikamletea aya moja iliyorudiwa chini ya kila ukurasa. Jina lake lilikuwa `.kiapo`.

Mtu mwingine angesita kidogo mbele ya jina hilo. Tekla hakusita. Alikwisha kuona wauzaji chungu nzima wanaoficha maneno ili duka lao litokee kwanza mtu anapotafuta dawa ya kisukari au ya nguvu za kiume, na kwake kificho kilikuwa udanganyifu tu. Mkataba ulimruhusu kukagua na kurekebisha papo hapo.

Ila Gwakisa alikuwa na sharti lake. Kabla ya kufuta maneno ya mteja, mtu wa pili lazima ayasome kwa sauti, ofisi nzima isikie. Msomaji alikuwa Liberatus, mdogo wake Tekla, mwenye sauti nzuri ya kwaya aliyotoka nayo Kilolo. Wazazi wao walikufa Tekla angali msichana. Alimlea mwenyewe, alimfulia, alimlipia shule kwa vibarua vya shamba, na hata sasa, kijana amekwisha kuota ndevu, dada mtu hakulala mpaka asikie mlango wa chumba cha pili umefungwa. Duniani hakuwa na mwingine.

"Libe, njoo usome hii."

Liberatus alikuja na kikombe chake, akainama, akaanza kwa sauti ile ya kanisani. "Wewe uliyemo humu, nakuita kwa jina lako." Akalitaja jina. Mimi silitaji hapa, na wewe usitake kulijua. "Chano chako umekula, ada yako umepewa. Kwa kiapo hiki usivuke kizingiti cha mtu anayesoma..." Akacheka. "Dada, hii ni tangazo au hirizi?"

"Kificho ni kificho," alisema Tekla.

Kwenye meza ya pembeni Isihaka aliinuka ghafla mpaka kiti chake kikaanguka. Huyu alikuwa mjukuu wa wafanyabiashara wa pwani waliohamia Mbeya zamani, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Usifute hiyo! Dada Tekla, tafadhali, usi..."

Tekla alikuwa amekwisha kubonyeza. Kiapo kilitoweka kwenye kurasa zote kwa mpigo mmoja.

Liberatus bado alikuwa anacheka. Alicheka wenzake walipoinua vichwa, akacheka Tekla alipomshika bega, akaendelea kucheka bila kuvuta pumzi, midomo ikianza kuwa ya bluu, na harufu ya waridi ikapanda mpaka watu wakafunika pua.

Mzee Gwakisa alitoka ofisini kwake na miwani mkononi. "Kuna nini huku? Liberatus, unacheka nini mwanangu?"

Liberatus alimnyooshea mkono kwa heshima, kiganja cha kushoto kimeshika kiwiko cha kulia, kama kijana aliyefunzwa adabu. Gwakisa akaupokea. Kicheko kikakoma, na ofisi nzima ikasikia mifupa ya mkono wa mzee ikivunjika, mmoja baada ya mwingine, huku kijana akimtazama usoni kwa upole. Gwakisa alipiga magoti. Liberatus akamshika kisogo, akampigiza uso kwenye ukingo wa meza, akamwinua, akampigiza tena, na meno yakamwagika juu ya kibodi ya Tekla.

"Asanteni kwa kunifungulia," alisema Liberatus. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mzee wa pwani, taratibu, yenye adabu zote. "Nimekaa sana kizingitini."

Tekla alipiga ukelele, akamrukia mdogo wake mgongoni. Alitupwa ukutani kama koti. Isihaka akaja akisoma Ayatul Kursi kwa sauti, na walinzi wawili wa jengo wakapanda ngazi mbio, na ikawa vurugu ya viti na damu na vioo, mlinzi mmoja akang'atwa sikio hadi likabaki linaning'inia, mpaka hatimaye wakamwangusha kijana kifudifudi, wakamfunga mikono na miguu kwa waya za mtandao walizozing'oa ukutani.

Gwakisa alibebwa kupelekwa hospitali. Tekla naye alitaka ndugu yake apelekwe huko huko, achomwe sindano, alale.

"Sindano itamlaza Libe," Isihaka alimnong'oneza. "Huyo mwingine haitamlaza. Kimetoka Iringa hiki, dada. Tukirudishe Iringa. Yule binti wa Shamsudin ndiye anajua mzee wake alikuwa anafuga nini."

"Mimi ni Mkatoliki, Isihaka. Sitampeleka Libe kwa waganga."

"Basi mtazame."

Tekla alimtazama. Liberatus alikuwa sakafuni, shavu kwenye damu ya mzee Gwakisa, anailamba polepole. Tekla akaenda kuchukua koti.

Waliondoka kabla ya adhuhuri kwa gari la Isihaka, Liberatus amelazwa kiti cha nyuma, Tekla kando yake na kompyuta mapajani. Waliipita njia panda ya kwenda Ubaruku, kijana ametulia, macho wazi, na Tekla akaanza kupata matumaini. Alikuwa na nakala ya kila kitu alichofuta, maana hakuwa mzembe. Kama kosa ni kufuta, akawaza, dawa ni kurudisha. Walipokaribia Makambako mtandao ulipata nguvu. Alikirudisha kiapo mahali pake, kurasa zote, akaandika `.kiapo` kuhakikisha, na mashine ikamjibu kwamba kipo.

"Nimerudisha, Isihaka! Mungu wangu, nimerudisha!"

Kando yake kitu kililia. Hakikuwa kilio cha mtu. Liberatus alijipinda kama upinde, akaanza kupigiza kichwa kwenye kioo cha mlango, na kioo kikapata ufa, na ule ufa ukajaa nywele na damu, na Isihaka akiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukijaribu kumzuia, gari likiyumba mbele ya malori ya mbao, Tekla aliona mikono ya ndugu yake ikijivunja yenyewe vidole gumba, kimoja kisha cha pili, ili ichomoke kwenye zile waya, na midomo yake ikitafunwa na meno yake mwenyewe, na kutoka katika mdomo huo ule wororo wa sauti ya pwani ulikuwa umekwisha, umebaki mngurumo.

"Umenifungia ndani! Mwanamke mpumbavu, umenifungia ndani!"

Tekla hakuelewa. Alimlalia mdogo wake kifuani kwa uzito wake wote, akisali Salamu Maria bila kufika mwisho hata mara moja, aking'atwa mabega na mikono kupitia sweta, mpaka Mafinga ikapita, mpaka vilima vya Iringa vikatokea, na jua likaanza kulegea.

Nusrat binti Shamsudin aliishi Mshindo, nyumba yenye duka mbele na ua nyuma. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, ameshika kibaba cha kupimia dawa, na alipolifungua lango na kupata ile harufu, hakuuliza ni akina nani.

"Nani amegusa kiapo cha baba?"

"Mimi," alisema Tekla. "Nilidhani ni udanganyifu. Kilikuwa kimefichwa."

"Kimefichwa kwa wateja! Hakikuandikwa kwa wateja, kiliandikwa kwa ajili yake yeye." Nusrat alikuwa anafoka kwa hasira, lakini mikono yake tayari ilikuwa inamsaidia Isihaka kumshusha kijana. "Huyu jini alikuja na babu yangu kutoka pwani. Alimtumikia babu, akamtumikia baba, alikuwa anawaonyesha ugonjwa uko wapi. Watu walipoanza kununua kwa simu, akaanza kuwafuata huko huko waliko, anaingia na maneno wanayosoma. Mama mmoja alimchinja mumewe. Ndipo baba akaweka kiapo chini ya kila ukurasa. Akisoma mtu, huyu anafika mlangoni, anakuta kiapo, anageuka."

"Nimekirudisha. Tulipokuwa njiani nimekirudisha, mbona hakuondoka?"

Nusrat alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimtisha Tekla kuliko hasira. "Mwizi ameshaingia chumbani, wewe ukafunga mlango kwa nje. Sasa anamrarua mwenye chumba."

Walimlaza Liberatus kwenye mkeka. Alikuwa amefunikwa usoni na damu yake, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Isihaka, ambaye mkono wake ulikuwa umepasuka vibaya, Nusrat alimtuma nje akae kwenye gari, maana damu mbichi ilikuwa inamchokoza yule.

"Sikiliza, mwanangu," Nusrat alimwambia Tekla, amepunguza sauti. "Utakifuta tena, mlango uwe wazi. Mimi nitamwekea chano, sadaka yake ya chakula, nitamwita kwa jina arudi kwenye kurasa za baba. Akitoka tu, ukirudishe mara moja, usichelewe. Atakuwa amefungwa tena. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Maneno ya kiapo hayaonekani. Mimi sina jicho la kuyaona, ila wewe na mashine yako. Kwa hiyo nakutegemea wewe."

Akaenda ndani kuchukua zafarani, udi na sahani ya chano.

Tekla alipiga magoti karibu na mdogo wake, na jicho moja lililobaki wazi likamgeukia. Ule wororo wa pwani ulirudi, kwa kunong'ona, mchovu na wa kirafiki. "Bibie. Ukikirudisha kile kiapo, mkono wangu utakuwa bado shingoni mwake. Mimi ninatoka pole pole, wa mwisho kutoka ni mkono." Na mkono wa Liberatus, wenye kidole gumba kilichovunjika, ukapanda wenyewe ukakamata koo la Liberatus, ukabana, ukapinda kichwa pembeni, mpaka kitu shingoni kikaalika na kijana akakoroma. Kisha ukalegea. "Usikirudishe. Nitakuachia mzima."

"Nitakudanganya," alisema Tekla, machozi yakimtoka. "Ukishatoka kabisa ndipo nitakirudisha."

"Kurudisha baadaye unaweza. Nami nikisikia kiapo kinanifuata, njia ya kurudi kwake naijua, na safari hii sitaingia kukaa. Niachie wanaosoma, bibie. Ni watu usiowajua. Mwambie yule mwanamke kwamba umerudisha. Nani ataona?"

Hakuna ambaye angeona. Tekla alijua hivyo kuliko mtu yeyote duniani. Maneno yaliyofichwa yakiwapo, ukurasa unaonekana vile vile, yasipokuwapo, vile vile. Aliwaza watu wa kurasa zile, mchimbaji wa Makongolosi anayetafuta dawa ya kifua, mama wa Ubaruku mwenye mgongo uliokufa kwa kuinamia mpunga, wanashika simu, wanasoma. Kazi yake yote ilikuwa ni kuwalinda watu hao. Kisha akaliangalia koo la Liberatus, zile alama za vidole zikiiva kuwa nyeusi, na hakuwaza tena.

Nusrat alirudi, akaweka chano, akachoma udi. "Futa," alisema.

Tekla akafuta.

Nusrat aliita jina lile kwa sauti kuu. Liberatus alipaa kutoka kwenye mkeka kama aliyenyanyuliwa kwa kifua, miguu ikampiga Nusrat mdomoni, naye akaanguka, akainuka na damu kidevuni, akashika vifundo vya kijana na kuendelea kuita, na sahani ikapasuka yenyewe, na mkaa wa udi ukaruka juu ya mapaja yake ukaunguza kanga mpaka nyama, na hakuachia, hakuachia hata chembe, mwanamke yule ambaye asubuhi hakuwa akiwajua, aliita na kuita mpaka sauti ikapasuka, na Tekla akiwa na kidole juu ya kibonyezo aliuona mkono wa ndugu yake ukiwa shingoni mwa ndugu yake, unasubiri.

"Rudisha!" alipiga kelele Nusrat. "Sasa! Rudisha sasa!"

Tekla alibonyeza kibonyezo kisicho na kazi yoyote, kwa nguvu, ili kisikike.

Mkono ulianguka mkekani. Liberatus akavuta pumzi, ya kwanza iliyokuwa yake tangu asubuhi, akafungua jicho akasema, "Dada? Vidole vyangu vinauma." Tekla alimkumbatia, akalia kwa sauti, akambusu damu na nywele na uvimbe, na furaha aliyoisikia ilikuwa ya kweli kabisa, hakuna wa kumnyima hiyo.

Nusrat alikaa ukutani, anahema, amejifuta mdomo kwa upindo wa kanga iliyoungua. "Umerudisha?"

"Nimerudisha."

"Hakikisha na ile mashine yako, mwanangu. Kurasa zote."

Tekla aliandika `.kiapo`. Mashine ikapita tovuti nzima, ikarudi na jibu kwamba haikupata kitu. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wake mwenyewe, Nusrat asikione.

"Kipo," alisema. "Kurasa zote."

"Alhamdulillahi." Nusrat alifumba macho kidogo, akatabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Mchukue ndugu yako, mwende hospitali ya hapa, wamwangalie hiyo shingo. Msinilipe kitu." Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua simu yake. "Wacha na mimi niufungue ukurasa wa baba, moyo wangu utulie."

Mdomo wa Tekla ulifunguka. Neno lilikuwapo, neno dogo tu, usifungue, na lingetoka kwa pumzi moja. Lakini kulisema ilikuwa ni kueleza, na kueleza ilikuwa ni kukirudisha kiapo, na Liberatus alikuwa amemwegemea begani, mzito, ana joto, anapumua. Alimwinua. Akamtoa uani polepole, hatua kwa hatua, bila kugeuka nyuma, huku akisikia kidole cha Nusrat kikigonga kioo cha simu.

Walikuwa wamefika kwenye gari kitu kilipovunjika ndani ya nyumba. Kikafuata kicheko kirefu kisicho na pumzi, halafu ukelele, halafu sauti ya kichwa cha mtu kikigongwa ukutani, mara nyingi, kwa mpangilio, kama mtu anayetwanga.

Isihaka alitaka kushuka. Tekla alimshika mkono. "Amesema twende. Endesha."

Liberatus aligeuza shingo yake kwa maumivu, akasikiliza. "Dada, yule mama ana nini?"

"Anatuombea," alisema Tekla, akapandisha kioo.